Ukuta wa Mwelura

Jumamosi, 7 Juni

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: nina mji.

Uko upande wa chini wa kibanja chetu, shamba letu la migomba na kahawa, kwenye mibuni, kuzunguka kichuguu kikubwa ambacho Mama hukiacha bila kukilima. Unaitwa Mwelura. Wanaokaa humo ni elfi. Nilikutana nao kwenye kitabu cha maktaba ya parokia ambacho kilikuwa kimepoteza jalada. Watu warefu, wembamba, masikio yamechongoka, hawazeeki. Sijui jina lao la Kiswahili, nimewaacha na hilo hilo. Ila elfi wangu si wale wa kitabuni. Wangu hawapigani. Ndani ya kichuguu wana kumbi zinazoshuka chini hadi kwenye maji, na ngazi wanazozing'arisha kwa nta. Mibuni ikichanua maua meupe, kwao ni sikukuu. Siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kusema neno. Wananusa tu.

Ningependa kukaa katika mji ambamo kunyamaza ni sikukuu.

Nina miaka kumi na sita, kidato cha tatu. Najua huu si umri wa kuwa na mji.

Leo nimechuma kahawa tangu asubuhi. Likizo ya Juni ni kahawa tu. Vidole vyeusi. Sijasoma hata ukurasa mmoja.

Jumatatu, 9 Juni

Baba mdogo Deusi amefika kutoka Songambele na binti yake Jeni. Bodaboda moja, watu wawili, godoro moja. Ni mdogo wake marehemu Baba. Miaka yote hii amekuwa akilima huko kwenye shamba la kukodi. Sasa anataka kurudi nyumbani, hapa Ihembe, ajenge. Babu aliacha neno kwamba kibanja ni cha wanawe wawili, lakini hakuna aliyewahi kukigawa. Baba mdogo amekuja kudai sehemu yake. Ni haki yake. Hata Mama amesema hivyo.

Ni mtu wa vichekesho. Ameingia tu akasema, "Shemeji, migomba yako imenenepa kuliko mimi!" Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Jeni ni wa rika langu. Anaongea. Ameniuliza kama nina simu, kama nina mchumba, na kwa nini ninasoma wakati shule imefungwa. "Wewe Koku utaolewa na kitabu." Nikafungua ukurasa mwingine.

Wakihamia, atasoma shuleni kwetu.

Alhamisi, 12 Juni

Ninaandika haraka kabla ujasiri haujaisha.

Kwetu mpaka wa shamba hauwekwi kwa uzio. Hupandwa mramula, mti mwembamba wenye majani marefu kama mikuki. Aliyepanda mramula amesema neno, na haung'olewi bila wazee wa ukoo. Kila mtu hapa anajua. Mimi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilijua upande mmoja tu wa jambo hilo. Nilijua ukikata kijiti cha mramula ukakichomeka ardhini, hakifi.

Ukuta wa Mwelura ni miramula. Niliichomeka mimi.

Ilikuwa wakati wa matanga ya Baba. Nyumba imejaa watu, hakuna anayeshika jembe siku hizo, hakuna anayeshuka kwenye mibuni. Nilikata vijiti kwenye ua wa njia ya kanisani na nikaupa mji wangu ukuta wa kitu kisichokufa, kukatiza kibanja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mama alipoanza tena kulima aliikuta imeshika. Hakuuliza. Nilidhani hakuiona.

Leo Baba mdogo amezunguka kibanja na Mama. Mimi nilikuwa ninapita na ndoo ya maji kichwani. Wakasimama mbele ya miramula yangu. Sasa inanifika begani.

"Kumbe kaka alishagawa!" Baba mdogo akavua kofia. "Mungu amrehemu. Alimaliza kazi yote kabla ya kuondoka."

Mama aliisogelea. Halafu akasema, "Nimekuwa nikiipalilia. Najua ni mkono wake." Akashika jani moja.

Upande wa chini wa ule mstari ndiko kuliko kahawa nzuri yote. Juu yake, upande wa nyumba yetu, ni migomba na mibuni mizee ambayo haizai tena. Mstari huo ukiwa mpaka, Mama hana kahawa. Na kahawa ndiyo tunayoishi nayo.

"Kama ndivyo alivyotaka," Mama akasema, "sawa."

Nilisimama palepale na ndoo yangu. Nimejichukia.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi, jikoni.

"Mama."

"Ee."

"Hamna kitu."

Mwoga.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa Baba mdogo amezungumza na Mzee Byabato, mkubwa wa ukoo wetu. Atakuja Jumatano pamoja na mwenyekiti wa kitongoji kuthibitisha mpaka. Wakishauthibitisha, basi.

Nimefikiria siku nzima. Nikisema, watasema Mama amenifundisha uongo ili asitoe shamba. Nikisema, Jeni atajua, na shule nzima itajua. Hilo ninaliogopa, lakini si kubwa kuliko yote.

Kubwa ni hili. Leo nimemchungulia Mama. Alishuka peke yake na majivu ya jikoni, akayamwaga kwenye shina la kila mramula, taratibu, kama anayemimina chai. Anaitunza kwa sababu anaamini ni kitu cha mwisho alichopanda Baba. Amefanya hivyo miaka yote mitano nami sikujua. Nikisema ukweli anabaki na kahawa, lakini ninamnyang'anya hicho.

Nimejaribu kuwauliza elfi wa Mwelura wangefanya nini. Hawajui. Kwao hakuna mjane, hakuna mpaka, hakuna anayegawa kitu. Niliujenga mji vizuri sana hadi hauna msaada wowote.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeanika kahawa na Jeni. Tunazigeuza kwa mikono juu ya turubai. Leo hakuwa na maneno ya kejeli. Amesema mwenye shamba la Songambele anataka shamba lake. Mama yake amebaki kule na wadogo zake, wanasubiri nyumba ijengwe huku. "Nimechoka kuitwa wa kuja," akasema. "Hapa nikipita watu wanajua mimi ni wa nani."

Kwa hiyo hata hasira nimekosa pa kuielekeza. Baba mdogo si mwizi. Ameona miramula na ameisoma kama mtu yeyote wa hapa angeisoma.

Kosa ni langu. Nilitumia herufi za watu wazima kuandika mchezo wangu.

Jumatano, 18 Juni

Nimesema.

Walikuja saa nne. Mzee Byabato na fimbo yake, mwenyekiti na majirani wachache. Mama aliwapa kahawa za kutafuna, wakakaa, wakaulizana habari za mvua. Nilitumaini mvua hiyo ingenyesha. Haikunyesha. Tukashuka wote kwenye mibuni.

Mzee aliuangalia mstari, akamwuliza Mama, "Mume wako alikwambia anapanda?"

"Hakuniambia, baba. Lakini nani mwingine angepanda?"

"Mimi," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Sauti yangu ilitoka kama ya kifaranga. Nikarudia. Wakageuka wote kwa pamoja.

Baba mdogo akacheka. "Wewe Koku ulipanda mpaka?"

"Si mpaka. Ni ukuta."

"Ukuta wa nini?"

"Wa mji."

Jeni akapasuka kwa kicheko. Majirani nao. Mwenyekiti akainamisha kichwa kuficha meno yake. Masikio yangu yaliwaka. Baba mdogo hakuwa akicheka tena, akamgeukia Mama. "Shemeji, haya umemfundisha wewe?"

"Nimfundishe miji mimi? Hata simwelewi!" Mama alikuwa ananitazama kama mtoto wa watu.

Mzee Byabato akapiga fimbo chini. "Nyamazeni. Mjukuu, nionyeshe huo mji."

Basi nikamwonyesha. Sijui nilitoa wapi maneno. Nilimwambia mstari hauendi moja kwa moja kwa sababu unazunguka kichuguu, na kichuguu ni kasri. Pengo lile ni lango. Miramula miwili iliyobanana ni mnara wa walinzi. Akaniuliza walinzi ni akina nani. Nikasema elfi. Akauliza elfi ni watu wa kabila gani. Nikasema hawana kabila, hawapo. Mtu nyuma akasema, "Jamani, hawapo lakini wana walinzi!" Wakacheka tena.

"Mtoto anaweza kubuni hadithi leo asubuhi," Baba mdogo akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeanza kuogopa.

Hapo ndipo nilipokumbuka. "Chini ya kila mti kuna kizibo cha soda," nikasema. "Cha msibani. Niliviokota."

Baba mdogo mwenyewe akachukua jembe. Akachimbua pembeni mwa shina la kwanza, akapapasa udongo kwa vidole. Akatoa kizibo. Kimeoza kwa kutu, lakini ni kizibo. Akachimbua shina la pili. Kizibo. Hakwenda la tatu. Alibaki amechuchumaa na vizibo viwili kiganjani.

"Makreti yale ya soda nilileta mimi," akasema. "Siku ya mazishi."

Kila mtu alielewa. Marehemu hapandi mti na kizibo cha soda ya mazishi yake chini yake.

Nilimtazama Mama. Alikuwa anatazama mikono yake.

Mzee akasema mti wa mchezo hauamui neno la mtu mzima, lakini ukiachwa, wajukuu watakuja kupigania mchezo huo. Aliyeupanda aung'oe, mbele ya macho ya wote.

Nikaing'oa. Mmoja baada ya mwingine. Mizizi ya mramula ni ya rangi ya machungwa, sikuwahi kujua. Imeshika sana. Mingine nilivuta hadi nikaanguka kitako, na hakuna aliyecheka tena. Nilipofika kwenye mti wa langoni, ukakataa kutoka. Jeni akaja bila kuitwa, akashika shina pamoja nami. Tukavuta.

"Nimenyang'anywa shamba na elfi," Baba mdogo akasema. Watu wakacheka kwa sauti kubwa, wamefarijika. Yeye hakucheka sana.

Mzee akagawa upya. Kamba kutoka barabarani hadi chini kabisa, kwa urefu, ili kila upande upate migomba yake na kahawa yake nzuri. Baba mdogo atajenga kwenye nusu yake, karibu na barabara. Mama amebaki na nusu. Kesho kutwa watapanda miramula ya kweli.

Mama aliingia ndani kabla wageni hawajaaga.

Alhamisi, 19 Juni

Mama hajanisemesha. Si kwa hasira. Anapita tu.

Jeni ameniuliza elfi wanaoga wapi. Nilifikiri ananitania. Alikuwa anauliza kweli. Nikamwambia.

Ninahisi nimefanya vizuri na ninahisi vibaya. Vyote viwili, bila kugombana.

Ijumaa, 20 Juni

Wamepanda mpaka. Mstari umenyooka. Mzee Byabato alishika kila kijiti, Baba mdogo na Mama wakashindilia udongo kwa miguu yao. Mimi nilikaa mbali.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeamka nikamkuta Mama hayupo jikoni. Alikuwa chini, kwenye mibuni, amesimama karibu na kichuguu. Mashimo ya miramula yangu bado yako wazi. Nilitaka kurudi, lakini alikuwa ameshaniona.

Nikamwamkia. Akaitikia. Akaniuliza mji ulianzia wapi ukaishia wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akauliza kasri, nikamwonyesha kichuguu. Alikizunguka chote, polepole, akiwa ameshika kanga yake isinase kwenye matawi.

Halafu akasema, "Na baba yako, ulimweka wapi humo?"

Ningeweza kumpa chumba. Kumbi ni nyingi. Ingekuwa rahisi, na angefurahi.

Nikamwambia ukweli. Sikumweka popote. Niliogopa akiingia atakuwa elfi kama wao, hatazeeka, hatakufa, na hatatujua tena.

Mama akatikisa kichwa, si kukataa. Kisha akasema, "Ulikuwa mdogo sana," na akashika bega langu kama alivyokuwa ameshika lile jani.

Akapanda kwenda kuwasha moto. Mimi nikachukua jembe, nikaanza kufukia mashimo. Nilianzia juu nikashuka, nikashindilia kila moja kwa kisigino. Miramula niliyong'oa nimeikatakata kwa panga, nimeiacha juani ikauke isije ikashika tena. Kisha nimenawa, nimekunywa uji, na nimechukua kikapu kwenda kuchuma kahawa kwenye mibuni iliyobaki upande wetu.

Sijajua kama Mwelura bado upo. Leo sikuuliza. Nimechuma hadi kikapu kikajaa, nikakipeleka kwenye turubai, nikakimwaga, nikazitandaza.