Kwa Mzee Ehee, Kinyozi Aliyejifunza Kusema Yake

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ile adhuhuri uliposema unajinyoosha kidogo tu, nasi tukakufunika shuka tukidhani utaamka upate chai. Hatujazoea. Mpaka leo Mama huamka akasema kwa sauti ndogo, "Nimemwota tena," nasi tunaweka vikombe chini tumsikilize. Katika ndoto zake huzeeki wala huumwi. Unapita tu na taulo begani, kama mtu aliyefuata kitu chumba cha pili na atarudi sasa hivi.

Watu walikuita Mzee Ehee. Kinyozi gani hana maneno? Wenzako walikuwa redio zisizozimwa. Wewe ulikuwa sikio. Mteja akikaa, unamfunga kitambaa shingoni, unamwambia, "Ehee?" na huyo, anaanza: mkewe, bosi wake, mwanawe aliyeacha shule, jirani ambaye moshi wake unahamia chumbani kwake. "Ehee, halafu?" Mkasi unalia polepole, feni inazunguka, maneno yanadondoka sakafuni pamoja na nywele. Siri za mtaa mzima zilikuwa kwako na hakuna aliyezisikia, hata Mama. Akikuuliza, "Leo kuna habari gani?" ulimjibu, "Watu wana vichwa."

Na sisi wanao tulikua chini ya mikono hiyo. Kila mmoja wetu anakumbuka kidole chako kikikunja sikio taratibu ili mashine ipite nyuma yake, na pumzi yako ikipuliza vinywele shingoni. Hukutupiga kamwe. Ulikuwa na namna ya kunyamaza ambayo ilituuma kuliko fimbo.

Lakini habari zako mwenyewe hukuzitoa, na humo ndimo lile doa lilimopata nafasi. Lilikuwa chini ya wayo wa kushoto, jeusi kama tone la wino. Ulisema ni kusimama. Ukabandika plasta, ukabadili viatu, ukachechemea ukisema ni viatu. Ni Shangazi, dada yako, aliyekukalisha kitini siku moja akakuvua soksi kwa nguvu, kama mlipokuwa watoto.

"Hili ni nini?"

"Doa tu."

"Doa gani linatoa maji? Vaa kiatu, twende."

Mkaenda. Ilikuwa saratani ya ngozi, na ilikwisha kutambaa hadi kwenye tezi za kinena na mapafuni. Walikata palipokatika. Halafu daktari wako, yule mama mwembamba mwenye sauti ya taratibu, akatuketisha sote ofisini kwake akatueleza habari za utafiti. Alisema mwili una askari wake, na saratani ni mwizi mjanja aliyewabembeleza mpaka wakasinzia. Zipo dawa mbili za kuwaamsha, kila moja kwa njia yake. Walitaka kujua kama zikitolewa pamoja askari wataamka vizuri zaidi.

"Labda wataamka," alisema. "Nalisema hilo 'labda' mbele yenu wote. Na wakiamka na hasira, wanaweza kuwapiga hata wenye nyumba: utumbo, ini, mapafu. Ndiyo maana lolote mtakaloliona, mtuambie."

Mama alikaza macho. "Kwa hiyo mnamjaribia mume wangu?"

"Tunajaribu pamoja naye, mama. Na siku akisema basi, ni basi."

Wewe uliyekuwa kimya muda wote ukasema, "Askari wangu wamekaa kwa kinyozi miaka yote hii. Lazima wawe wamesinzia." Tulicheka tukilia. Ukatia sahihi.

Chumba cha dripu kilikuwa ghorofa ya juu. Mama hukieleza kana kwamba ni mahali alipopaota. Viti vya kujilaza vilipangwa nusu duara, na dirisha refu lilitazama paa la jengo la kufulia, ambako mashuka ya hospitali yalianikwa safu kwa safu. Upepo ukija yanajaa, yanainuka, yanashuka. Wagonjwa wanayaangalia mpaka macho yanalegea. Dawa inadondoka, tone, tone, tone. Mtu anazungumza usingizini, mwingine anamjibu akiwa macho, na hakuna anayeshangaa. Mama alikaa kwenye kigoda kando yako akifuma sweta, na mara nyingine, anasema, alishindwa kujua ni nani kati yenu anayeota.

Baada ya dripu chache tumbo lako likaharibika. Ukamwambia Mama ni maharage. Mama akaacha kupika maharage. Ukasema ni maziwa. Maziwa yakatoka nyumbani. Ukasingizia mayai, ukasingizia maji ya bomba, mpaka nyumba ikaanza kuishiwa vya kusingizia. Ulikuwa unapungua ndani ya shati. Tulikuja kujua baadaye ulichokiogopa: kwamba ukisema, watachomoa dripu mkononi mwako na kukuambia kwaheri. Ulidhani kimya ndicho nauli ya kubaki mle ndani.

Jirani yako wa kiti alikuwa mwanamke muuza maua, Mama Maua, ambaye alikuwa kwenye utafiti uleule kabla yako. Alikuja na maua aliyobakiza, akawagawia wagonjwa hata wasiotaka. Siku moja alianza kusimulia, hakuulizwa na mtu.

"Mimi tumbo lilinikamata nikajifanya shujaa. Nikasema nikisema watanifukuza. Basi nikanyamaza, nikanyamaza, hadi siku nikaanguka chooni. Mwanangu akavunja mlango. Nimebebwa kwenye shuka mtaa mzima unaangalia."

"Ehee?" ulisema, kwa mazoea tu. "Halafu?"

"Halafu nini? Wakanipa vidonge vya kuwatuliza hao askari, nikalala wodini, nikapona. Daktari akaniambia ningechelewa kidogo utumbo ungetoboka. Na sasa nipo hapa nakuona wewe unavyojikunja kila dakika. Haya, Mzee, mimi nimemaliza. Zamu yako."

Mama anasema alisikia matone. Mashuka yalijaa upepo nje, yakatua. Ulitazama mikono yako, ile iliyosikiliza vichwa vya watu wengi hivyo, ukawa kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko asioujua.

"Naenda choo kila saa," ulisema. "Na kuna damu."

Sindano za kufumia za Mama zilianguka. "Si ulisema ni maziwa?"

"Maziwa hayana kosa, mke wangu."

Muuguzi alikuja mbio. Hakukugombeza. Alikushika bega akasema, "Mzee, umefanya vizuri kusema," na kabla jua halijashuka ulikuwa kitandani wodini na dawa za kutuliza mwilini. Dripu za utafiti zikasimamishwa. Uligeukia ukutani. Tulikaa nawe siku nyingi ukiwa hivyo, na ukitujibu ulitujibu kwa mabega. Ulidhani umeupata utumbo ukaukosa uhai.

Kisha picha za mapafu zikaja. Daktari aliziweka kwenye mwanga, akazitazama, akaondoka, akarudi na mwenzake wakazitazama pamoja. Yale madoa yalikuwa yamesinyaa. Alisema hutokea: dawa husimama, lakini walioamshwa hawalali tena. Picha iliyofuata ilikuwa safi zaidi ya ile. Ndipo nyusi zako zikaanza kuwa nyeupe, kisha kope, kisha mabaka meupe yakaelea mikononi mwako kama mawingu madogo; askari walioamka, daktari alisema, hushambulia hata rangi ya ngozi. Wateja wakakuuliza, "Mzee, umepita kwenye unga?" Ukawajibu, na hicho ndicho kilichotushangaza, Baba. Ukawajibu! Ukawaeleza kila kitu, mkasi mkononi, mpaka mteja mmoja akalalamika kwamba amekuja kunyolewa, anaondoka amenyolewa upande mmoja na mhadhara mzima.

Ulirudi kwenye kile chumba bila kuitwa. Siku za dripu ulipanda ngazi na mkoba wako wa vifaa, ukanyoa aliyetaka kunyolewa na kumchonga ndevu aliyetaka kupendeza. Akija mgeni, ameketi ukingoni mwa kiti na macho yamemtoka, unavuta kigoda unaanza na aibu yako: "Mimi ni kinyozi, na niliyasingizia maziwa." Wanacheka. Kisha mmoja anasema ana kikohozi ambacho hajamwambia mtu. Mwingine anasema viungo vimekaza, mwingine kwamba amechoka kama jiwe na alidhani ni uvivu. Muuguzi anapita anasikiliza. Daktari alikiri kwamba siku unapokuja, watu humweleza mambo zaidi.

Haikuwa furaha tupu, na ungechukia tukisema ilikuwa hivyo. Alikuwepo yule dereva wa lori, mtu mkubwa mwenye kicheko cha kutikisa glasi. Alipewa dawa mbili zilezile, ugonjwa uleule, hata umri mlikaribiana. Kwake hazikuamsha chochote. Ulikuwa unamnyoa ndevu siku aliyopata majibu, na mkono wako ukasimama.

"Usinionee huruma, Mzee," alisema na povu usoni. "Nina ombi moja. Ukiwasimulia hawa wageni yako, wasimulie na yangu. Wasije wakadhani ni muujiza, halafu askari wao wasipoamka wajione wao ndio wabaya."

"Nitawasimulia."

"Na maliza hizi ndevu. Siwezi kwenda kwa mke wangu nusu mbuzi."

Ulimaliza. Ulirudi nyumbani ukaketi ukumbini bila kuwasha taa, na Mama alipokufuata ulimwuliza, "Kwa nini mimi?" Alifikiri unauliza juu ya ugonjwa. Ulikuwa unauliza juu ya kupona. Akaweka kichwa chake begani kwako mkakaa vile. Tangu siku hiyo ulisimulia hadithi mbili, yako na ya dereva, na hukuwahi kuacha ya pili hata ulipoona uso wa mgeni ukianguka. Ulingoja unyanyuke.

Ulipata zaidi ya miaka miwili ambayo hakuna aliyekuahidi. Ulimpeleka Mama akaone ziwa, mkashinda mchana kutwa mmetia miguu majini, yeye akicheka kwamba samaki watakuogopa ukiwatazama na nyusi zile. Ulimwoza binti yako mdogo. Ulimnyoa mjukuu wako nywele zake za kwanza huku ukimwambia siri fulani sikioni, na ulipoulizwa ni siri gani, ulirudi kuwa Mzee Ehee wa zamani.

Kisha maneno yakaanza kukuponyoka. Uliita mkasi kijiko. Picha ilionyesha ugonjwa umepanda kichwani, mahali ambapo askari wako hawakufika. Uliomba tukupeleke kwenye kile chumba cha dripu ukaseme mwenyewe. Kaka alikushika mkono huu, mimi ule. Walikuwepo wageni wawili siku ile, na Mama Maua. Ulisema polepole, ukiokota kila neno, "Hadithi yangu… imeongezeka kipande. Ugonjwa umerudi. Nimekuja niwaambie, msije mkasikia kwa mtu mwingine."

Kisha mmoja wa wageni, mwanamume ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu afike, akauliza, "Mzee, ungejua mwisho wake ni huu, ungetia sahihi?"

"Kalamu iko wapi?" ulisema.

Miezi ya mwisho ulilala sana. Tulikuwa tunaingia chumbani kama watu wanaoingia majini, taratibu. Wakati mwingine mikono yako ilinyoa hewani, na tulikuletea kichwa, chochote kilichokuwa karibu, ukakipapasa ukatulia. Hukupata maumivu makali, na kwa hilo tunawashukuru waliokuhudumia. Adhuhuri ile ulimtazama Mama muda mrefu, ukamwambia, "Keti, umesimama sana leo." Akaketi. Ukajinyoosha.

Tukwambie la wiki iliyopita. Kaka ndiye anayefungua kibanda chako cha kinyozi sasa, na Mama hushinda naye ili mikono isikae bure. Akaingia mwanamke tusiyemjua, amefunga kitambaa kichwani, amebana mkoba kifuani. Alisema anaanza dripu kesho. Amesikia kule hospitali kwamba palikuwa na kinyozi aliyepewa dawa mbili, akazungumza na kila mtu, na kwamba zilimfaa. Alitaka kumwona kwa macho yake, basi, amwone tu kabla hajaenda.

Kaka alimtazama Mama. Mama aliinamisha kichwa. Ingekuwa rahisi kusema umesafiri.

"Amefariki," Mama alisema. "Mwaka unafika sasa."

Mwanamke yule alishika ukuta. Alikuwa amekwisha kugeuka kutoka, mguu mmoja uko nje, aliposimama akauliza bila kumtazama: "Na ile miaka aliyoipata, mama… ilikuwa mizuri?"

Mama akavuta kiti, kile kikubwa cha kunyolea, akakifuta kwa kiganja.

"Kaa hapa," alimwambia. "Nitakueleza yote. Nitaanza na maziwa."

Unakumbukwa na mkeo; na wanao, Kaka, mimi wa katikati na mdogo wetu; na wakwe zako; na mjukuu wako anayekataa kunyolewa na mtu mwingine yeyote isipokuwa mjomba wake; na Shangazi, ambaye bado anatukagua nyayo; na Mama Maua, aliyeleta maua asubuhi hii akakataa chai; na wote wa kile chumba, walio hai na waliotangulia.

Lala, Baba. Siku zote, na kwa sauti, tutakukumbuka.