Ukasema Nimpe Chai

Mwanya wangu, kitinda mimba wetu,

Hujambo wewe na watoto? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, na mdomo ndio kabisa, haujawahi kuumwa hata siku moja.

Shemeji yako anaendelea. Jana kala, kanitania nimenenepa, nikajua huyu sasa amerudi. Maana ile asubuhi nilipokupigia simu nilikufupishia tu. Kinyozi mzima kamnyoa mteja upande mmoja, kazima mashine, kamwambia karibu tena! Kufika nyumbani kavaa shati miguuni, ananiuliza mimi mke wa nani. Viganja vinapepea kama anafukuza nzi. Majirani wakasema kalewa. Nikawajibu mume wangu pombe haijui, sukari yake hiyo imeshuka. Nikakuuliza na wewe, ukasema ndiyo, sukari, mpe chai tamu alale. Nikampa. Kalala kweli, nikamtikisa wee, nikampiga na makofi, wapi!

Hospitali wakapima sukari, iko sawa. Daktari akasema ini hilo, limechoka kusafisha damu, sumu inapanda kichwani. Ila mgonjwa akiwa na kisukari na figo mbovu kama huyu, kila mtu anasingizia sukari. Akaniuliza ile dawa ya maji ya kumfungua tumbo kaacha lini. Nikasema dawa gani? Akashangaa, mbona alimweleza shemeji yake, yule mwenye mwanya, kwamba akianza kuchanganyikiwa tu aletwe mbio.

Nilicheka, mdogo wangu. Nilidhani daktari kachanganya wagonjwa.

Akili zilipomrudia, mwenyewe akasema. Eti mlikubaliana nisijue, maana Redio akijua mtaa mzima umejua, na wateja watakimbia wembe wake. Haya, Redio ni mimi, sikatai. Lakini ile asubuhi Redio alikuwa analia sikioni mwako peke yako. Ulijua ni ini. Ukasema chai.

Dawa sasa nampa mimi, kwa mkono wangu. Shuka nafua mimi. Ukitaka kuja kumwona njoo, ni shemeji yako.

Wabusu watoto, waambie mama yao mkubwa anawapenda.

Na hili la kwako sijamsimulia mtu. Hata jirani tunayepakana naye ukuta, anaulizia kila siku, namwambia tu mgonjwa hajambo. Mimi, nimenyamaza! Ujue basi lilivyoniuma.

Dada yako,
Redio