Mama Ukoga, Tuliusugua Ukuta Wako

Leo umetimia mwaka mmoja tangu ututoke, mpendwa wetu, na mimi dada yako ndiye niliyepewa kalamu.

Tunakukumbuka ulivyokuwa ukisimama njiani tukienda harusini, gauni umelipandisha hadi magotini, ukikwangua jiwe kwa kisu cha mama cha vitunguu. Shemeji anakushikia viatu, wapita njia wanaguna. Ulianza kwa ajili ya kidonda cha mguu wa mama, kilichokataa kila dawa. Ulituambia kuvumwani, ule ukoga wa kijivu unaoshika mawe na kuta, hujitengenezea dawa yake, na ipo siku itaua vijidudu vinavyozicheka dawa za hospitali. Tulikutania, lakini bahasha ulizowekea unga wa ukoga hatukuzigusa.

Miezi mitatu baada ya kukuzika, mwenzako wa maabara alinipigia simu.

"Dada, bahasha ya sitini na tatu imeua vijidudu sugu! Ila umebaki unga wa kijiko kimoja tu, hautoshi kuijua hiyo dawa ni kitu gani. Mwenyewe kaandika: nyumbani, ukuta wa nyuma, chini ya dirisha la jikoni. Nije lini kuchukua zaidi?"

Mdogo wangu, siku ya msiba wako nilisema wageni wasitukute na ukuta mchafu. Nikachukua brashi ya waya na dawa ya kusafishia choo, nikasugua huku nalia mpaka ukuta ukatakata. Niliona ndiyo heshima ya mwisho. Kweli majuto ni mjukuu.

Tumekwangua kuta za majirani na mawe ya mtaa mzima. Mwenzako amepima yote. Hakuna kilichoua kitu.

Mwezi uliopita shemeji aliona doa la kijivu chini ya dirisha, dogo kama punje ya mchele. Mwenzako akaja na kioo cha kukuzia, akapiga magoti.

"Huenda ndio wenyewe, huenda sio. Msiuguse. Unakua polepole sana, tutangoja miaka."

Tangu hapo mvua ikinyesha tunahofia isije ikaliosha. Mama ana miaka themanini na mmoja, kidonda bado kibichi, na kila asubuhi anauliza kama doa limekua. Namwambia limekua kidogo. Sijui kama ni kweli.

Najua ungecheka kwanza, ndipo unigombeze. Hata kugombezwa na wewe nakutamani. Nisamehe.

Unakumbukwa na mama, mumeo, wanao wawili, wenzako wa maabara, na mimi dada yako, niliye hapa dirishani. Hatutakusahau maisha yetu yote.