Filta Uliyoikaza kwa Mkono Wako

Mama Haika,

Barua inatakiwa ianze kwa kuuliza hali, nami nimekaa na kalamu asubuhi nzima nikitafuta namna ya kukuuliza wewe hali. Nimeshindwa. Basi nikueleze ya kwangu. Mwili ni mzima. Ng'ombe amezaa ndama jike, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Upepo umeangusha migomba miwili upande wa mfereji. Kahawa ni ya wastani. Na juzi nimebadilisha filta ya oili ya pikapu.

Najua hapo kwenye filta ungeacha kuchambua maharage, ukanitazama. Ndiyo, ile ile. Uliyoikaza wewe kabla ya masika, kabla hujalazwa.

Jambo hili sijamweleza mtu, na nisipokueleza wewe nitapasuka.

Tangu ulipoondoka fundi Prosper amenimwagia oili mara mbili pale gereji kwake Mtoni, na mara zote nilimwambia: mwaga oili, filta iache. Mara ya kwanza alidhani nimejisahau. Mara ya pili aliweka spana chini akasema, "Mzee, huko ni kuoga halafu unavaa shati lile lile la jasho." Nikamwambia tuvae hilo hilo, twende. Vijana wake wakacheka, na toka siku hiyo ikasambaa kwamba Baba Haika amekuwa bahili mpaka anaionea filta huruma. Unawajua watu wetu. Sisi wenyewe tukimpata Mchaga wa kumtania kwa ubahili tunafurahi kuliko watu wa Dar. Hata kanisani mzee mmoja wa usharika aliniuliza kama sadaka nayo siku hizi naichuja.

Nilicheka nao. Niliona heri waniite bahili. Ningewaambia nini? Kwamba ile filta ndicho kitu cha mwisho ulichokikaza kwa mkono wako, na yeyote atakayeizungusha kuilegeza atakuwa anakufungua vidole? Mwanaume wa umri wangu hasemi maneno hayo gereji.

Nguo zako waligawana dada zako tulipomaliza matanga, kama ilivyo desturi, na sikuona shida. Nguo ulizinunua, zikavaliwa, zikafuliwa. Lakini filta uliikaza. Nakuona bado, umejifunga kitenge kiunoni, umetandika boksi chini, nusu yako iko chini ya gari na nusu nyingine inanipigia kelele nilete kitambaa. Hukumwamini fundi yeyote kwa kazi hiyo. Ulisema mafundi wanakaza filta kama wanafunga dume la ng'ombe, halafu siku ya kuifungua wanaanza kutafuta nyundo. Mkono tu, ulikuwa ukisema. Mpira ukigusa, unaongeza kidogo, basi, unaiacha ipumue.

Na gari hilo hilo ndilo lililokupandisha nyumbani kutoka hospitali. Niliendesha mwenyewe, ndugu walikataa nikakataa kukataliwa. Njia nzima kutoka Himo kupanda, wewe ulikuwa nyuma umelala kwenye jeneza na mkono wako ulikuwa bado unafanya kazi kwenye injini. Niliwaza hivyo hivyo, kama mwehu. Wazo hilo ndilo lililonifikisha.

Desemba walikuja wote. Nyumba ilijaa, mtori wa ndizi ulipikwa kwenye sufuria kubwa, wajukuu walimkimbiza huyo ndama mpya hadi akaharisha. Nilienda kumpokea Haika na wanawe stendi ya mabasi, na tulipokuwa tunapanda, juu kidogo ya Himo, taa ya oili ikawaka na haikuzima. Injini ikaanza kugonga kama mtu anatikisa kopo la misumari. Nikaegesha. Tukakaa pembeni ya barabara na mizigo, watoto wanalia njaa, Haika ananitazama kwa macho yako.

Prosper alipokuja alisema wazi mbele ya Haika. Filta imeziba, oili inapita mlango wa nyuma bila kuchujwa, uchafu wote unarudi kwenye injini, na mzee hataki kutoa hela ya filta. Akaongeza oili, tukapanda polepole mpaka nyumbani. Hapo Haika akasema alichokuja nacho kutoka Dar. "Baba, uza hili gari. Njoo ukae na sisi. Huku unabaki na nani?"

Swali hilo, Mama Haika. Huku nabaki na nani.

Tulibishana kwa heshima, kama ulivyomlea. Mwisho tukakubaliana: gari likizima tena njiani, nisibishe, linauzwa na mimi nashuka Dar. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka. Baadaye nikahesabu maana yake. Bila gari hakuna wa kuteremsha ndizi za jirani zetu hadi Moshi wala Kwa Sadala siku ya gulio, na hao kina mama wa ndizi ndio watu pekee wanaogonga mlango wangu siku hizi. Bila gari nitakuwa mimi na ng'ombe. Nikishuka Dar, kihamba, shamba letu la ukoo, kitabaki na wewe peke yako hapo nyuma ya nyumba, kwenye migomba ya mchare, bila mtu wa kukufyekea majani kaburini. Na mimi huko nitakuwa mzigo uliowekwa sebuleni, watoto wanauzunguka wakienda shule.

Januari wakaondoka. Unaijua siku ile, magari yanashuka moja baada ya jingine, mpaka jioni unasikia mfereji wa maji ambao wiki tatu hukuusikia. Mwaka jana tulikaa barazani wote wawili tukajifanya tumefurahi kupumzika. Mwaka huu nilipika mtori wa sufuria ndogo, ukabaki, nikaula kesho yake, ukabaki tena. Pole za watu zimeisha kabla ya msiba wenyewe kuisha. Sasa wananisalimia tu, na kunitania filta.

Asubuhi kukiwa na baridi taa ikawa inachelewa kuzima. Kila siku inachelewa zaidi. Nilikaa kwenye usukani nikaiangalia ile taa nyekundu nikajua kwamba mkono wako ndio utakaoniulia injini, na injini ikifa ndiyo itakayonitoa kwako. Nilikasirika sana. Sijui nilimkasirikia nani. Nikashuka Moshi.

Lile duka ulimokuwa ukiuza spea sasa linauza simu, nadhani nilikwambia. Nilisimama mbele yake kidogo kama mjinga. Hapo ndipo uliponikatalia filta, unakumbuka? Mimi dereva wa ushirika, shati limepigwa pasi, naomba filta ya bei ndogo, wewe unairudisha kwenye shelfu na kusema, "Hii siuzi kwako, gari lako linalala mlimani." Sikuelewa gari kulala mlimani kunahusu nini. Nikarudi wiki iliyofuata bila shida yoyote ya gari, ukanieleza, nikasikiliza mdomo zaidi ya maneno.

Nikaingia duka la jirani. Binti wa kaunta alinipa shikamoo vizuri, nikamtajia gari, akaweka filta tatu mezani. Ile tuliyozoea hawana, alisema haiji tena. Halafu nikafanya jambo la aibu. Niligeuka kushoto. Miaka yote umesimama kushoto kwangu kwenye kaunta za spea, na shingo yangu haijapata habari. Kushoto kulikuwa na mwanaume ameshika betri ya pikipiki, akaniambia, "Shikamoo mzee." Nikamwitikia.

Binti alinisukumia ya kwanza, ina boksi linalong'aa. "Chukua hii baba, wengi wanachukua hii." Nikamwomba afungue zote. Akashangaa, lakini akafungua. Boksi haliendi kwenye injini, ulikuwa ukisema. Ile ya boksi zuri maandishi yake yalikuwa yamevujiana wino, na nilipopitisha kidole kwenye nyuzi za kufungia kikatoka na unga wa chuma. Feki. Niliirudisha tu, naye akaona kidole changu na kuinamisha macho. Ya pili ilikuwa nzuri kwa nje. Nikaingiza kidole ndani kuutafuta ule mpira unaozuia oili isirudi chini gari likilala, nikakuta mgumu kama plastiki. Huo haufungi. Gari likiegeshwa kwenye mteremko wetu usiku kucha, asubuhi filta ni tupu na injini inaamka na kiu. Ndiyo kulala mlimani kwenyewe.

Ikabaki ya tatu. Mbaya, Mama Haika. Rangi ya matope, jina sijapata kulisikia. Lakini nyuzi safi, mpira wa ndani laini kama sikio la mtoto, na ukiibonyeza huko chini springi inakusukuma. Niliishika muda mrefu. Ungekuwepo ungeinusa, ungeipima mkononi, ungesema neno moja, tungeondoka tukanywe chai. Mimi nilipima, nikanusa, na neno halikuja. Sina uhakika hata leo. Nilichukua hiyo, na kurudi nayo nimeiweka kwenye kiti chako.

Prosper aliponiona na filta alipiga kelele gereji nzima, "Leo mzee amefungua pochi!" Nikamwacha afurahi. Nikamwambia oili mwaga wewe, filta naifungua mimi. Akadhani ni utani mpaka alipoona natandika boksi.

Haikufunguka. Nilizungusha mpaka kiganja kikateleza. Hukuikaza sana, najua, ni muda ndio ulioikaza. Prosper akaja na bisibisi kubwa na nyundo, wanavyofanya, wanaitoboa ubavuni na kuizungusha kwa nguvu. Nilimwambia aweke chini. Nadhani nilipaza sauti, kwa sababu vijana wote waligeuka. Nikaomba kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakiviringisha kwenye filta, nikaishika kwa mikono miwili, nikasema jina lako. Siyo Mama Haika. Lile jingine.

Ikaachia.

Oili ikanishukia hadi kwenye kiwiko, nami nikalia chini ya pikapu kama sikuwahi kulia hata siku ya mazishi, maana siku ile nilikuwa na wageni. Kutoka chini pale niliona viatu vya Prosper vimesimama. Kisha vikageuka, vikaenda zake. Nikamsikia akiwatuma vijana wake sokoni, wote, wakalete sijui nini.

Ile mpya niliinywesha kwanza kama ulivyonifundisha. Nilimimina oili ndani, karatasi ikanywa, nikaongeza, ikanywa tena. Nikapaka oili mpira kwa kidole. Nikazungusha kwa mkono mpaka ikagusa, nikaongeza kidogo, nikaiacha. Nikaanza kuichungulia kama inavuja, na nimeichungulia tangu juzi kila ninapopita. Haivuji. Jana asubuhi niliwasha, taa ikazima kabla sijaondoa mkono kwenye ufunguo. Ningefurahi. Lakini niliwaza kwamba sasa hakuna kitu cha mkono wako kinachozunguka katika gari hili, na nilikaa nalo likiunguruma bila kwenda popote.

Jioni Haika akapiga simu. Prosper alikuwa ameshamwambia, siku hizi wanatumiana meseji kuhusu mimi kama wazazi wa mtoto mtundu. "Baba, hatimaye umetoa hela!" Alicheka. Nilikuwa tayari kucheka naye, ingekuwa rahisi. Sijui kilichonipata. Nikamweleza. Nikamweleza yote, boksi, kitenge, mkono, na kwa nini niliacha waniite bahili.

Nikadhani mtandao umekatika, nikaita haloo, haloo. Kisha akauliza, na haikuwa tena ile sauti yake ya ofisini: "Baba, umeitupa?"

Nikamwambia sijaitupa, iko stoo ya kahawa juu ya kopo, inadondosha. Akasema, "Usiitupe." Nikamsikia anapenga kamasi. Halafu akauliza sevisi nyingine ni lini. Nikamwambia kwa safari za sasa, Pasaka.

"Nitakuja Pasaka. Filta mpya Prosper asiiguse. Nataka kuikaza mimi."

Unawajua watoto wetu, Mama Haika. Hupanda Desemba, na miezi mingine hupanda kuzika. Sijawahi kusikia mtu ametoka Dar kuja mlimani kwa ajili ya filta. Habari ya kuuza gari hakuitaja, nami sikuitaja.

Basi ahadi yangu ni hii. Nitapunguza safari za Kwa Sadala ili oili ifike Pasaka bila kuchakaa. Nitamtandikia boksi. Akiingia chini na kucha zake hizo za rangi sitamwambia toka nikusaidie, hata akichelewa, hata akimwaga. Kuchagua tutachagua pamoja, nitamweka kulia kwangu.

Pumzika, mke wangu. Majani hapo kwako nimefyeka leo. Kuna upweke hapa ambao siwezi kukudanganya kwamba umepungua, lakini Pasaka chini ya gari tutakuwa watu wawili.

Wako,
Baba Haika