Jina Nililoliruka

Jumatatu, 1 Januari 1906, Morogoro

Asubuhi, bendera ya Mwaka Mpya ilipokwisha kupandishwa bomani, akida, msimamizi wa vijiji aliyewekwa na Wadachi, alitaja majina ya waliokunywa maji ya vita, wapate kukamatwa, nami karani nikayaandika. La tatu lilikuwa Salum wa Bigwa, kaka wa mke wangu. Nikaliruka.

Bwana Mkubwa wa Kidachi akahesabu, akamwambia akida, "Ulisema watu kumi na wawili. Hapa wapo kumi na mmoja."

Akida akanitazama. Nilijua nimekwisha.

"Nilikosea mimi, Bwana," akasema.

Nje nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Ahsante." Aliuliza tu, "Binti yako mkubwa amekwisha kuchumbiwa?"

Mke wangu anashangaa kwa nini sili. Sijui nimwambie nini kuhusu kaka yake, na kuhusu mtoto ndiyo kabisa.