Bi Ashatu na Mkate Wenye Haya

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotufukuza jikoni kwa mara ya mwisho, mama yetu mpenzi, Bi Ashatu binti Mwinyijuma wa Mlingotini. Ulikuwa hoi kitandani, sauti imebaki nusu, lakini uliposikia mkweo Nasrin anafunua sufuria ukasema, "Toka huko, unautia haya mkate." Lilikuwa sufuria la wali, Mama. Hata hivyo alitoka. Siku ya pili yake ukatutoka wewe.

Anayeandika ni Mize, mwanao wa kwanza. Twalib alitaka kuandika yeye, lakini mdogo wangu huyu hata salamu za simu anaandika bila irabu, nikamwambia akae kitako.

Kipupwe kimeingia tena. Watu wa Lushoto wakisikia sisi wa pwani tunalia baridi wanacheka, na waache wacheke. Wewe ulikuwa ukiteremsha mguu sakafuni asubuhi unasema, "Yarabi, leo tunakufa." Unavaa soksi za Baba ndani ya kandambili, unavaa sweta la shule la Twalib lililochakaa viwiko, juu yake kanga mbili, na nje jua linawaka. Halafu unatuuliza sisi tuliovaa fulana kama tumelogwa.

Kazi yako ilikuwa vitumbua, pale karibu na shule. Ulikuwa na mdomo, Mama, tusidanganyane, na mteja aliyebonyeza kitumbua kabla ya kununua alikukoma. Lakini mtoto aliyefika mikono mitupu ulimpa kilichoungua, ukisema ni hasara kukitupa. Tulishangaa mpishi hodari kama wewe kuunguza kila siku. Jirani yako Mwanamvua ndiye aliyetwambia msibani kwamba alikuwa akikuona unakiacha kusudi.

Vitumbua vilikuwa vya watu. Mkate wa kumimina ulikuwa wetu, na ulikuwa wa kipupwe tu. Mchele unalowekwa, unasagwa na tui la nazi, hamira, sukari na iliki, unaumuliwa karibu na joto, kisha unamiminwa kwenye sufuria lililopakwa samli. Makaa kidogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Hapo ndipo ulipotoa sheria yako. "Tokeni nje nyote! Mkate una haya huu. Ukitazamwa hauivi."

Tukatoka. Tulikaa barazani tumejifunika shuka moja, tunagombania ncha zake, harufu ya iliki inatutoa udenda. Baba tu ndiye aliyeruhusiwa kubaki. Nilipokuuliza kwa nini Baba hautii haya mkate, ulinijibu kwamba Baba hatazami, anapepea jiko kwa mfuniko wa ndoo. Tukisikia kicheko ndani, unasema moshi umempalia. Na mkate ukitoka na ukingo ulioungua, kila mara, unatwambia tule, unaimarisha meno. Tulikula, Mama. Twalib ana watoto watatu sasa na bado anawalisha ukingo kwa ajili ya meno.

Ulipoondoka, Baba alinyamaza. Mwenyewe unamjua Bwanausi wako, si msemaji mbele za watu, lakini huku kulikuwa kunyamaza kwingine. Chai alikunywa chumbani. Tukimwita mkekani anasema, "Nyinyi endeleeni." Shati likaanza kumning'inia. Kipupwe kilipokaribia tukaogopa, kwa kweli tuliogopa sana, maana mtu wa umri ule akianza kuacha chakula hujui ataacha nini tena. Tukakaa kikao, na Nasrin akasema, "Tumpikie mkate wa Mama. Harufu itamtoa."

Jaribio la kwanza tulifuata sheria yako neno kwa neno. Tukamimina, tukapalia makaa juu, tukatoka wote, Nasrin naye. Alisimama mlangoni, mtu wa Chalinze huyo, akaniuliza kwa adabu, "Wifi, kwetu mkate unatazamwa tu. Sasa nani anaangalia moto?"

Nikamwambia, "Kwenu ni kwenu." Tulipoingia, juu ulikuwa mkaa na chini ulikuwa uji. Paka aliunusa akaondoka.

Twalib akasema kosa ni jiko. Akaenda akarudi na oveni ya umeme ya mtumba, ameibeba kama bibi harusi. Mama, oveni ile ina mlango wa kioo. Na ndani ina taa! Mkate wenye haya, unamulikwa taa, mbele ya kioo! Nilimuuliza Twalib kama ana akili timamu. Akakiri kwamba hilo hakulifikiria. Basi nikachukua kanga, nikakiziba kioo chote, nikaifunga kwa kamba, nikahakikisha hakuna tundu. Kisha tukatoka barazani tukaketi, tumeupa mkate mgongo kwa heshima zote.

Kanga ile ilianza kutoa moshi kabla mkate haujanukia. Nasrin alisema, "Wifi, kuna kitu kinaungua." Twalib akasema, "Huo ndio ukingo." Na sisi tukakaa! Wallahi tulikaa, moshi unatoka dirishani, hakuna anayethubutu kugeuka.

Aliyetoka chumbani ni Baba. Alipita jikoni anakohoa, akachomoa waya ukutani, akamwagia kanga maji, akaja akasimama mlangoni akatutazama tulivyojipanga.

"Mnafanya nini huko nje?"

"Tunaustahi mkate, Baba," akajibu Twalib, mtu mzima na ndevu zake.

Baba akajishika mlangoni. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikanyanyuka kumshika, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kizingitini, anajipiga paja, machozi yanamtoka, na sisi tunamtazama tusijue tucheke au tumwite mganga.

"Mkate hauna haya," akasema alipopata pumzi. "Mwenye haya alikuwa mama yenu."

Ndipo akatueleza, Mama. Usimlaumu, umemwachia siri kubwa peke yake. Alisema nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, sisi tumo, Bibi yumo, wageni kutoka Pangani hawaishi. Mchana wewe na vitumbua, yeye na shamba. "Nitakaa na mke wangu wapi?" akauliza. "Na yeye asingeweza kusema mbele ya mama yangu kwamba anataka kukaa na mumewe. Ndiyo akaupa mkate haya zake."

Nikamuuliza walikuwa wakifanya nini humo. Nasrin akanifinya, lakini nilikwishauliza.

"Tulikuwa tunazungumza," akasema Baba. "Yeye anahadithia, anawaigiza wateja wake mmoja mmoja, mimi napepea. Mkate ukiiva kabla hadithi haijaisha, tunauacha kidogo."

Ukingo, Mama! Meno yetu! Watu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi tulifunzwa na mama yetu barabara, na ulimwengu ukatukuta barazani tumeupa moto mgongo. Twalib aliinama akashika kichwa. Mimi nilicheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Nilikuonea wivu, nikakupenda upya.

Baba alinyanyuka. Akaomba jiko la mkaa, akaomba rojo la mchele lililobaki. Akamimina mwenyewe, akapalia makaa, akavuta vigoda viwili, kimoja akakalia. Akachukua mfuniko wa ndoo. Sisi tumesimama tunamtazama.

"Haya," akasema, "tokeni."

Tukatoka. Punde tukamsikia anazungumza, taratibu, anakusimulia oveni na kioo na kanga. Alipofika kwa Twalib na ndevu zake akacheka peke yake. Mkate ulitoka na ukingo ulioungua. Baba akaja mkekani, akakaa katikati yetu, akala vipande viwili na chai ya tangawizi, akaomba cha tatu. Tangu siku hiyo anakula nasi.

Hitima yako itasomwa Ijumaa baada ya Alasiri, nyumbani Mlingotini. Ndugu, jamaa na wateja wote wa vitumbua mnakaribishwa, hata wale waliokuwa wanabonyeza. Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, alipanue kaburi lako na kulitia nuru, amina.

Unakumbukwa na mumeo Bwanausi, wanao Mize na Twalib, mkweo Nasrin, wajukuu zako wenye meno imara, na jirani yako Mwanamvua. Daima tutakukumbuka, na kipupwe kikiingia tutakukumbuka zaidi.

Naandika haya barazani, Mama, tumejifunika shuka na ncha zinagombaniwa. Baba yuko jikoni na vigoda vyake viwili. Iliki imenukia zamani, sasa kunanukia ukingo, na hakuna hata mmoja wetu anayemwita.