Utepe Kwenye Roketi

Msata, Jumapili

Dada Agnes,

Shikamoo. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na cherehani yako, imetengemaa? Mimi ni mzima, ila nina hasira, na ninataka uipate habari hii kwangu kabla hujaipata kwa wengine.

Shule yetu ililetewa roketi ndogo ya kujifunzia, ya kuunganisha wenyewe: bomba la karatasi ngumu, injini ya baruti isiyozidi kidole na mapezi manne ya mkiani. Pezi moja lilifika limevunjika. Zuhura, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, alikata jingine kwenye rula yake ya mbao, akalipiga msasa, akaligundisha. Namba sita hadi kumi bado zinasomeka.

Siku ya kuirusha alikuja mgeni rasmi. Nilimkuta makamu mkuu wa shule anafunga utepe mwekundu kwenye pezi, ncha ya pili kwenye kigingi.

"Makamu, huo wa nini?"

"Sasa mgeni rasmi akate nini, hewa?"

"Roketi haibebi utepe."

"Wewe baki na fizikia yako. Itifaki niachie mimi."

Mgeni akakata. Kipande cha urefu wa mkono kikabaki kwenye pezi. Roketi ilipanda kimo cha mnazi, utepe ukaivuta upande, ikaingia chini ya turubai la wageni na kutua kwenye sinia la mananasi. Hakuna aliyeumia. Mkuu wa shule akachukua kipaza sauti, akatangaza kwamba kosa ni la mwanafunzi aliyebandika rula. Zuhura alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake.

Jumatatu niliwekewa taarifa mezani niitie sahihi: uzembe wa mwanafunzi, aondolewe klabu ya sayansi, mzazi aitwe. Roketi niliiokota mwenyewe, Dada. Pezi la rula halikulegea hata kidogo, na utepe ulikuwa bado umefungwa.

Jana mama yake Zuhura alikuja kuitikia wito. Mbele yake na mbele ya mkuu tuliirusha tena kwa injini ya akiba, rula ileile, bila utepe. Ilipanda wima, mwavuli wake wa kutulia ukafunguka, ikashukia kwenye mihogo.

"Sawa," mkuu akasema, "lakini mgeni rasmi hakuiona hii."

"Basi mwiteni," akajibu mama yule. "Mwanangu mlimsema mbele yake."

Mkuu akaondoka zake. Nami nikafuta "uzembe wa mwanafunzi" kwenye taarifa, nikaandika "utepe", nikatia sahihi. Makamu ameniambia kwamba walimu wabishi hupelekwa mbali. Nimemwambia huku tayari ni mbali.

Msalimie Mama, na mjomba Festo wa mashine ya kusaga.

Nusu ya utepe nimeibana kwenye taarifa kwa pini. Nusu ya pili imo humu. Wakikuuliza kwa nini nimehamishwa, waoneshe.

Mdogo wako,
Gaspari